Kiti Kimoja cha Watu Watatu

Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa katikati. Pikapu ya mume wangu ilikuwa ya zamani, ya Kifaransa, imezaliwa kabla yetu sote wawili, na mbele ilikuwa na kiti kimoja tu kirefu, kutoka mlango hadi mlango, kama benchi la kanisani. Gia yake ilikuwa imening'inia kwenye usukani, kwa hiyo aliyekaa katikati hakusumbuliwa na chuma magotini. Alisumbuliwa na mambo mengine, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Mume wangu ni Mkuria wa upande wa mpakani. Mimi ni Mjaluo wa Ndhiwa. Tunaishi Migori mjini, yeye akiuza chakula cha mifugo na mimi nikishona nguo, na lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, kile cha kwetu cha kuvunjavunja, kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Ile pikapu aliinunua kwa mkulima mmoja mstaafu aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Aliiosha, akaitengeneza kidogokidogo, na ilipowaka kwa mara ya kwanza alinipigia simu ili niusikie mlio wake. Nilikuwa na mteja mbele yangu, nimeshika futi ya kupimia. Nilimwambia nimesikia, nikakata.

Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda gereji, walikokutana wanaume wenye ugonjwa kama wake. Walibishana juu ya viti. Sitanii. Watu wazima, wenye watoto sekondari, waligawanyika vyama viwili. Chama kimoja kilitaka kiti kirefu cha zamani, kingine kilitaka siti za mtu mmojammoja, zenye mgongo uliobonyea unaomkumbatia dereva. Hawa wa pili walisema kiti kirefu ni hatari, kwamba kwenye kona abiria huteleza hadi mapajani mwa dereva. Mume wangu alikuwa chama cha kiti kirefu, tena mbishi kuliko wote. Alisema siti za mojamoja ni za watu waliogombana. Nikienda kumwita chakula nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, nikajiuliza wake zao nao wanawavumiliaje.

Hata hivyo kile kiti nilikipenda. Kitambaa chake kilikuwa kimeoza, na ni mimi niliyekishonea kingine cha plastiki nzito rangi ya damu ya mzee. Nilikinunua kwa Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye alinikatia nyongeza alipojua ni cha gari lenye umri mkubwa kuliko yeye. Nilivunja sindano nyingi. Mshono wa katikati, pale nilipokaa mimi, niliupitisha mara mbili.

Kisha mama yangu akapata kidonda mguuni. Mama ni mjane, ana ugonjwa wa sukari, na kidonda kwa mtu wa sukari si jambo la kuchezea. Kilianza chini ya kidole gumba, kidogo kama punje ya mahindi, kikakataa kupona. Akaambiwa awe akienda hospitali ya Homa Bay kila juma kusafishwa na kufungwa upya. Muuguzi hakumzungusha. Alimwambia akikosa, kidonda kitapanda, na kikipanda watakata. Mama alinishika mkono siku ile, akaniambia kwa Kijaluo kwamba alikuja duniani na vidole kumi vya miguu na anataka kuzikwa navyo vyote. Sijawahi kumwona mama akiogopa kitu kingine. Alikuwa akivuka ziwa kwenda Mfangano kufuata samaki, mawimbi yakiingia botini, na bado akirudi anacheka.

Mguu haukutakiwa kukunjwa. Proboksi za abiria, vile vigari vya kujazana, zilimbana hadi akalia. Ndipo mume wangu akasema, bila kuombwa na mtu, kwamba pikapu ina nafasi ya kunyoosha mguu hadi chini ya dashibodi, na kwamba kila Jumatatu atafunga duka ampeleke.

Sasa hapa lazima nieleze. Kwetu Wajaluo na kwao Wakuria, hakuna mtu anayeheshimiwa kama mama mkwe, na heshima hiyo ni ya kukaa mbali. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Haketi alipoketi. Hamwangalii akila, na akimkuta njiani anampisha. Kwenye boti za Mfangano mama alikaa ubao mmoja na wanaume asiowajua hata kidogo, wala hakuona neno. Lakini mume wa binti yake ni mtu mwingine kabisa.

Siku ya kwanza tulipofika Ndhiwa kumchukua, mume wangu alifungua mlango wa abiria, akaenda kusimama mbali karibu na zizi, amegeuza uso. Mama alichungulia ndani. Akaona kiti ni kimoja.

"Orwa anakaa wapi?" aliniuliza kwa Kijaluo. Orwa maana yake ni mkwe wetu, na hilo ndilo jina pekee alilowahi kumwita.

"Anakaa kwa usukani, mama. Mimi nakaa hapa katikati."

Alifikiri. Akanitazama kiunoni, kana kwamba ananipima kama ninatosha. Kisha akasema niingie kwanza mimi.

Basi tukawa tunakwenda hivyo. Tulitoka Migori wawili, tukapita Rongo, tukakata kona pale Rodi kuelekea Ndhiwa, tukamchukua mama, tukarudi Rodi na kuteremka Homa Bay watu watatu kwenye kiti kimoja. Bega langu la kulia kwa mume wangu, la kushoto kwa mama. Mkoba wa mama juu ya magoti yangu. Na mazungumzo yao yote yakipitia kwangu.

"Uliza mama kama mguu inauma," mume wangu alisema, macho barabarani.

Mama alikuwa amesikia. Kiswahili cha sokoni anakijua vizuri sana, amewapunja watu samaki kwa Kiswahili maisha yake yote. Lakini alingoja, ametulia, hadi nimwambie kwa Kijaluo kwamba orwa anauliza hali ya mguu. Ndipo akajibu kwamba nimwambie orwa haujambo. Nami nikageuka upande wa pili: "Anasema haujambo." Mume wangu, ambaye Kijaluo cha wateja wake anakielewa chote, akaitikia kwa kichwa kana kwamba habari imemfikia sasa hivi kutoka mbali.

Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa nimeacha sare za shule kwenye cherehani, nyumbani kazi imelala, na mimi niko hapa nabeba maneno kutoka sikio moja hadi lingine, masikio yenyewe yakiwa hayajapishana hata urefu wa mkono. Siku moja niliwaambia wote wawili, "Kwani nyinyi hamsikii?" Mama aliangalia miwa nje ya dirisha, mume wangu akabadilisha gia isiyohitaji kubadilishwa.

Halafu nikazoea, na baadaye nikaanza kuifurahia kazi ile. Niliongeza chumvi kidogo. Mama akisema nimwambie orwa apunguze mwendo, nilisema, "Mama anasema unaendesha vizuri, lakini leo kuna mbuzi wengi." Mume wangu akisema hakuna shida, nilimwambia mama kwamba orwa anasema kumpeleka ni furaha yake. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, anajua nimeongeza, anapokea hivyohivyo. Nadhani hatukuwahi kuwa karibu hivyo, sote watatu, wala nyumbani kwake, wala kwetu. Na kidonda kilikuwa kinafunga. Muuguzi alikuwa amesema kimepungua nusu.

Kitu ambacho sikukiona ni kile mume wangu alichokuwa anakiona. Mama alikaa amejibana mlangoni, paja moja karibu linaning'inia, kwa sababu ya kunyoosha mguu. Mume wangu yeye alidhani ni aibu. Alidhani mama anateseka kwa kukaa kiti kimoja na yeye, kitambaa kimoja, springi zilezile, kwamba akitikisika huyu anatikisika na yule. Alilelewa akijua kiti cha mama mkwe hakiguswi, na kila Jumatatu alikuwa anakigusa. Jambo hilo lilimla moyo miezi mingi naye hakuniambia, kwa sababu mimi ndiye ningekuwa mjumbe wa jambo lenyewe.

Jumamosi moja alirudi kutoka gereji anatabasamu, akaniita nje. Akafungua milango yote miwili.

Kiti changu hakikuwepo. Badala yake kulikuwa na siti mbili za kijivu, zenye vichwa, zilizotolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka. Zilikuwa zimechomelewa sakafuni kwa reli. Katikati yake kulikuwa na mwanya, na katika mwanya huo alikuwa ameingiza kisanduku cha mbao cha kuwekea dawa za mama na chupa ya maji.

"Sasa mama ako na siti yake," alisema. "Yake pekee. Hakuna mtu anaigusa."

"Na mimi?"

Alinitazama. Akatazama siti ya kwanza, akatazama ya pili. Nakuambia, yule mtu hakuwa amenifikiria. Alikuwa amenisahau kama mtu anavyosahau ukuta uliosimama kati ya vyumba viwili vya nyumba yake.

"Si wewe ulikuwa unalia kazi inalala?" alisema hatimaye. "Sasa utapumzika. Mimi nitampeleka."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumtupia kiatu. Huyu ndiye aliyewashinda gereji nzima kwa ubishi wa kiti kirefu, leo amekwenda upande wa pili peke yake, kwa ajili ya mama yangu. Nilijaribu kukaa juu ya kisanduku. Nyonga zangu hazikuumbwa kwa mwanya ule. Nilimwambia Jumatatu nitakaa nyuma, kwenye bodi, tuone mama atasemaje.

Jumatatu mama alitoka amevaa vizuri, mguu umefungwa, leso begani. Mume wangu alikuwa ameshasimama kule karibu na zizi. Safari hii alikuwa anachungulia kwa siri, kama mtoto anayengoja kusifiwa. Mama alisimama mlangoni mwa gari. Alizitazama siti zile mbili kwa muda mrefu.

"Ya kwako ni ipi?" aliniuliza.

"Mimi nitakaa nyuma, mama."

"Nyuma wapi?"

Nilimwonyesha bodi. Nilikuwa nimetandika gunia.

Hakupandisha sauti. Alisema polepole kwa Kijaluo, "Nyara, binti yangu, unataka nipite katikati ya soko la Ndhiwa nimeketi sambamba na mume wako kama bibi harusi, na wewe umetupwa nyuma kama mbuzi wa mahari?" Kisha akasema kwamba mguu umepoa, leo hauna shida, atakwenda Jumatatu nyingine. Akageuka, akarudi ndani akichechemea. Mlango ukafungwa.

Nilibembeleza. Nilisema tutatafuta gari lingine, teksi, chochote. Alikataa kila kitu. Mama akishaona haya, hatoki, na hakutaka kusema mbele ya majirani kwamba mkwe wake amemfadhaisha. Kwa hiyo alishikilia kwamba mguu umepoa.

Mume wangu aliniuliza nini kimetokea. Nilimwambia. Sikuongeza chumvi, na sikupunguza pilipili.

"Lakini ziko mbalimbali," alisema. "Hata kuna sanduku hapo katikati."

"Sanduku si mtu! Kilichokuwa katikati yenu ni mimi. Ungekuwa umeweka msumari badala ya kiti, mama angekaa juu yake, bora mimi niwe hapo."

Alikaa kwenye siti yake mpya, mikono juu ya usukani, asiwashe gari. Hasira yangu iliisha nilipoona uso wake. Alikuwa amefanya jambo hilo kwa heshima tupu, tena heshima ya kwao na ya kwetu pia, na likamgeukia.

Juma lile alihangaika. Alirudi gereji kukitaka kiti kirefu, akaambiwa kimekwenda Osiri, kwa mama mmoja anayewauzia chai wachimba dhahabu. Alikwenda hadi huko. Alikikuta chini ya turubai, wachimbaji wamekikalia na suruali zao zimejaa vumbi la mawe, bado kimevaa plastiki yangu nyekundu. Lakini kilikuwa kimekatwa vipande viwili kwa msumeno wa chuma ili watazamane wakinywa chai. Mshono wangu wa katikati, ule niliopitisha mara mbili, ndipo walipokatia. Fundi alisema fremu mpya itamchukua mwezi. Kila jioni nilimpigia mama simu, na kila jioni mguu ulikuwa umepoa.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mume wangu alinipa funguo.

Leseni nilikuwa nayo tangu zamani. Gari ndilo sikuwa nalo, maana pikapu ile hakuwahi kumwachia mtu yeyote, hata kuisogeza uani. Alinionyesha gia ya usukani mara moja, akaniambia klachi inataka upole, kisha akapanda nyuma kwenye bodi, akakaa juu ya gunia, mgongo wake kwenye kioo chetu. Kuanzia Migori. Ningeweza kumbeba mbele hadi Ndhiwa, lakini alisema anataka gari limzoee akiwa huko nyuma.

Tulipofika, mama alitoka kuangalia. Alimwona binti yake kwenye usukani. Alimwona mwenye gari kwenye bodi, suruali safi juu ya gunia la chakula cha kuku, amegeuza uso. Akaingia. Alipokuwa anapandisha mguu nilisikia harufu, nikatia gia haraka.

Soko la Ndhiwa lilikuwa limejaa. Watu walimjua mume wangu, walijua gari lake na jinsi anavyojivunia. Wanawake waliopanga nyanya waliacha kupanga. Mtu mmoja wa bodaboda alimpigia kelele, "Mzee, umefutwa kazi?" Katika kioo niliona akiinua mkono, akamsalimia kwa heshima kama aliyeulizwa habari za nyumbani. Mama aliona pia. Alikuwa anatazama mbele, lakini aliona.

Baada ya Rodi mvua ya ghafla ilianza, ya matone makubwa. Nilipunguza mwendo.

"Mwambie orwa aingie," mama alisema. "Mimi nitakaa nyuma."

"Na huo mguu?"

Mume wangu aligonga paa kwa kiganja. "Endesha! Usisimame!"

Mama hakungoja nimtafsirie. "Endesha," akasema. Nikaendesha hadi Homa Bay. Siti zile mbili zilikuwa zimenitenga na mama kwa upana wa kisanduku, na nilitamani sana kumgusa, lakini mikono yote ilikuwa na kazi.

Walimfungua mguu. Muuguzi yule aliita daktari, daktari akainama, akanusa, akaita mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimekufa na kilichofuata kilikuwa kinakufa. Daktari alikuwa kijana mpole, aliongea na mama kwa Kijaluo cha heshima. Alisema vyote viwili vitatoka leo, na kwamba mguu wenyewe utabaki. Kisha muuguzi akasema, si kwa ubaya, akisikitika tu kama mtu aliyekiuguza kile kidonda kwa mikono yake, "Mama, ungekuja tu Jumatatu ile."

Mama alilia kidogo kwa ajili ya vidole vyake. Nami nililia, tena kwa sauti, nikiwa na hasira na siti, na gereji, na heshima yenyewe.

Mchana walikuwa wameshamaliza, mama amelazwa wodini karibu na dirisha, mguu juu ya mto. Mume wangu hakuweza kuingia, kwa sababu mkwe hamwoni mama mkwe kitandani. Alikuwa nje, barazani. Mama alinivuta karibu.

"Nyara," aliniambia kwa Kijaluo, "huyo mtu asijue kwamba ni ile Jumatatu. Mwambie vidole vilikuwa vimekwisha zamani. Mwambie hata tungekuja, wangekata tu. Umesikia? Amenyeshewa kwa ajili yangu. Inatosha."

Nilimwahidi. Nikapangusa uso, nikatoka nje, nikizunguka jengo nikipanga maneno.

Alikuwa amesimama chini ya dirisha la wodi, nguo zikimkaukia mwilini. Vioo vya dirisha lile vilikuwa vimefunguliwa vyote kwa sababu ya joto, na kitanda cha mama kilikuwa hapohapo, ningeweza kunyoosha mkono nikaugusa mto wake. Nilivitazama vioo, nikamtazama mume wangu, na nikakumbuka Jumatatu zote ambazo Kijaluo cha mama kilimpitia sikioni kabla sijafungua mdomo. Hata hivyo nilikuwa nimetumwa.

"Daktari anasema vidole vilikuwa vimekwisha zamani," nilimwambia. "Hata tungekuja ile Jumatatu, wangekata tu."

Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kama anayepokea habari iliyotoka mbali.

"Ambia mama asante," akasema.

Sikumuuliza ni asante ya nini. Nilirudi ndani kuipeleka.